Viumbe wa seli moja wanavyosafiri ndani ya tone la maji ya ziwa

Ukiweka tone la maji ya Ziwa Victoria chini ya hadubini, tenganisha kwanza anayeogelea na anayesukumwa. Kila kitu kikielekea upande mmoja, uchafu na viumbe pamoja, huo ni mkondo tu: maji yanakauka pembeni. Paka mafuta ya mgando kwenye kingo za kioo cha kufunikia, mkondo utakoma. Vidoa vinavyotetemeka palepale bila kwenda popote vinagongwa na molekuli za maji. Hata vumbi hufanya hivyo.

Kwa hapa Mwanza, mizizi ya gugumaji ndiyo sampuli ninayoipenda kuliko zote. Vaa gambuti na glavu, maana lava wa kichocho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Kamulia mizizi kwenye chupa yenye nusu lita ya maji ya ziwa, tia mabua mawili matatu ya nyasi kavu, legeza kifuniko, weka kivulini siku nne au tano. Lava wa kichocho huishi takriban siku mbili tu, hivyo watakuwa wamekufa. Lakini protozoa, yaani viumbe wa seli moja kama parameshiamu na amiba, wataongezeka, wakila bakteria wanaoozesha nyasi. Usiongeze maji ya bomba yenye klorini, yatawaua. Chupa ikinuka yai bovu, oksijeni imekwisha: anza upya kwa nyasi kidogo zaidi.

Parameshiamu mchote chini kidogo ya utando ulio juu ya maji ya chupa. Ana urefu wa kama milimita 0.2 na huenda karibu milimita 1 kwa sekunde. Kwenye ukuzaji wa mara 400 uwanja wa kuona una upana wa kama milimita 0.45, hivyo anaukata kwa nusu sekunde, humpati. Anza na mara 40 au 100, tandaza nyuzi chache za pamba zimzuie, kisha punguza mwanga: ukiwa mkali, silia, yaani vijinywele anavyoogelea navyo, hazionekani.

Mvuvi akiacha kupiga kasia, mtumbwi huendelea kuteleza; na kasia lenyewe hulirudisha mbele kupitia hewani. Parameshiamu hana nafuu hizo mbili. Kwa udogo wake mnato wa maji unatawala kila kitu, akiacha kupiga anasimama papo hapo. Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell alionyesha kwamba bakteria akizima injini yake, anateleza umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja. Isitoshe, pigo la kurudi likifanana na la kwenda, kiumbe hasogei hata kidogo. Ndiyo maana silia hupiga ikiwa imenyooka, kisha hurudi imejikunja, ikipita karibu na mwili. Ndani ya silia mna jozi 9 za mirija kuzunguka mirija 2 ya katikati. Protini ya daineini huifanya jozi moja iteleze juu ya nyingine, na kwa kuwa imefungwa shinani, mtelezo huo hugeuka kuwa mpindo.

Msubiri agonge uzi wa pamba. Kalsiamu inaingia ndani ya seli, silia zinageuza mwelekeo wa pigo, anarudi nyuma, anajipinda kidogo, anajaribu njia nyingine. Kalsiamu ikishatolewa nje, anasonga mbele tena.

Yuglena, kiumbe mwingine wa seli moja, ana flagela (uzi mrefu kama mjeledi) upande wa mbele, inamvuta. Flagela ya bakteria usiiweke kapu moja na hiyo: haijipindi yenyewe, bali huzungushwa na mota iliyo shinani, inayoendeshwa na ioni za hidrojeni.

Amiba, anayetambaa kwa kutiririsha mwili wake, yuko kwenye tope la chini ya chupa, na anahitaji subira. Ukimtikisa hujiviringa, acha slaidi itulie dakika kumi. Kioo cha kufunikia kisimbane, kiegemeze juu ya nyuzi. Mtazame kwenye mara 100 au 400: chembechembe za katikati zinakimbilia mbele, zikifika kwenye ncha angavu zinatawanyika pembeni na ute wa ndani ya seli unakuwa mzito. Nyuma, ute mzito unalainika na kurudi katikati. Kwa mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa sekunde, anahitaji dakika kadhaa kuvuka uwanja huo wa milimita 0.45.

Ule utando wa kijani wa Ghuba ya Mwanza mara nyingi ni Microcystis, aina ya bakteria wanaofanya usanisinuru, nayo haiogelei kabisa. Vijifuko vya gesi huifanya ielee juu. Ikijaza wanga kwa usanisinuru inakuwa nzito na kuzama. Ishike kwa glavu, kwani baadhi hutengeneza sumu ya ini.