Penisilamini: maana, sifa na matumizi yake

Penisilamini ni asidi amino (aina ya molekuli kama zile zinazojenga protini) yenye salfa inayopatikana pale molekuli ya penisilini inapovunjwa kwa maji na asidi. Jina lake huwafanya wengi wadhani kuwa ni aina nyingine ya penisilini, lakini haitibu maambukizi ya bakteria. Sehemu ya penisilini inayoua bakteria ni pete ya beta-laktamu (atomi zilizoungana kwa duara), ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote na hufunguka mapema dawa inapoharibika. Pete ya pili, ile yenye salfa, ikifunguka nayo, penisilamini hubaki kama kimojawapo cha vipande. Wanakemia wa Oxford waliitambua katika miaka ya 1940 walipokuwa wakiivunja penisilini ili wajue jinsi ilivyoundwa.

Kwa umbo, penisilamini ni sisteini, asidi amino ya kawaida mwilini, iliyoongezewa vikundi viwili vya methili (kila kimoja kaboni moja na hidrojeni tatu), na fomula yake ni C5H11NO2S. Ni unga mweupe wa fuwele unaoyeyuka vizuri katika maji. Vikundi hivyo vya methili huifanya isivunjwe mwilini kwa urahisi kama sisteini yenyewe, ilhali salfa yake hubaki huru kushika metali, hasa shaba, risasi na zebaki. Metali ikishashikwa hivyo, huyeyuka katika damu na kutolewa kwa mkojo. Molekuli hii ina sura mbili zinazotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto: D, ambayo ndiyo itokanayo na penisilini na ndiyo inayotumika kama dawa, na L, ambayo ni sumu kwa sababu huzuia kazi ya vitamini B6. Hata sura ya D hupunguza vitamini hiyo kwa kiasi fulani, na ndiyo maana wagonjwa huongezewa vidonge vyake.

Matumizi yake makuu ni katika ugonjwa wa Wilson, maradhi ya kurithi ambayo ini hushindwa kutoa shaba iliyozidi, shaba hiyo ikarundikana katika ini lenyewe, ubongo na macho. Daktari Mwingereza John Walshe alikuwa ameiona penisilamini katika mkojo wa wagonjwa waliopewa penisilini. Mwaka 1956 alichapisha taarifa kwamba, ikinywewa, huongeza shaba inayotoka mwilini. Kabla ya hapo tiba iliyokuwapo ilikuwa sindano za dimekaproli, dawa nyingine inayoshika metali, zenye maumivu makali. Ni nadra taka ya maabara kugeuka kuwa dawa ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa uliokuwa ukiua.

Katika sistinuria, ugonjwa wa kurithi ambapo sistini (sisteini mbili zilizoungana) hujikusanya na kuwa mawe ya figo, kazi yake ni ya namna nyingine kabisa, kwani haishiki metali bali huungana na nusu ya sistini na kufanya kiungo kinachoyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko sistini yenyewe. Iliwahi kutumika sana pia kwa baridi yabisi, ambako nafuu huchukua wiki au miezi kuonekana, lakini siku hizi dawa nyingine zimechukua nafasi yake.

Madhara yake si madogo. Yanayojulikana zaidi ni vipele, kupotea kwa ladha, protini kuonekana katika mkojo, na kupungua kwa seli nyeupe na chembe sahani za damu, hivyo damu na mkojo hupimwa mara kwa mara. Baadhi ya wagonjwa wa Wilson wenye dalili za ubongo huzidiwa mwanzoni mwa tiba, na mara nyingine hali hiyo hairudi kuwa nzuri. Kwa hiyo dozi huanzwa kidogo na kupandishwa polepole. Aliye na mzio wa penisilini hupewa kwa tahadhari, ingawa wengi wao huivumilia. Dawa humezwa tumbo likiwa tupu na mbali na vidonge vya chuma, kwa kuwa salfa yake haichagui sana metali ya kushika, na chuma kilichomo tumboni huweza kuizuia isifyonzwe.