Kitabu huru ni kitabu gani?

Ukiingia duka la vitabu Mombasa na kusema unatafuta riwaya, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Cha shule au cha kusoma tu?" Cha shule kina orodha na darasa lake, na muuzaji anakijua kwa rangi ya jalada. Cha kusoma tu humfanya anyamaze kidogo, ageuke, ainame kwenye rafu ya chini. Kitabu huru, mara nyingi, kiko huko anakoinama.

Neno "huru" hapa lina maana mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kitabu ambacho mwandishi amejichapishia. Amemlipa mhariri (au hakumlipa, nalo huonekana), amemlipa mchora jalada, amepeleka kazi matbaa kwa pesa zake, na faida au hasara ni yake peke yake. Ya pili ni kitabu kilichotolewa na mchapishaji mdogo asiyemilikiwa na kampuni kubwa. Marekani na Uingereza wakisema mchapishaji huru, wanamaanisha aliye nje ya wachapishaji wale watano wakubwa: Penguin Random House, HarperCollins, Simon & Schuster, Hachette na Macmillan. Kwetu kipimo hicho hakifai sana. Wakubwa wetu ni wale wanaoishi kwa vitabu vya kiada, na riwaya kwao ina maana zaidi ikiteuliwa kutahiniwa shuleni. Mswada wa riwaya ya mapenzi, ya upelelezi au ya bunilizi ya kisayansi ambao hautarajii kuteuliwa unaweza kukaa mezani kwa mtu mpaka karatasi zigeuke rangi. Mwandishi akichoka kungoja, huuchukua akaupeleka kwa mpiga chapa.

Basi "huru" inakwambia nani alilipa na nani alikuwa na kauli ya mwisho. Haikwambii kama kitabu ni kizuri, wala ni cha utanzu gani. Na huru si bure. Nasema hivi kwa sababu ya wale ndugu zetu ambao mwandishi akitangaza tu kitabu kimetoka, wa kwanza kujibu ni "Nitumie pidiefu, shekhe." Huyo shekhe ana deni la matbaa.

Wala jambo lenyewe si geni Mombasa. Sheikh Al-Amin Mazrui, mwanachuoni wa hapa, hakungoja mchapishaji wa kumkubali; mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, akiandika anayotaka watu wa pwani wayasome. Mwaka 1968 mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali, kikapitishwa mkono kwa mkono, naye akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga humo gerezani yalikuja kutolewa na Oxford University Press mwaka 1973. Tazama hapo: mtu ni yule yule, kijitabu chake ni huru kwa kila maana, diwani yake imepitia kwa mchapishaji mkubwa. Huru ni sifa ya kitabu, si ya mtu.

Sasa kwa nini vitabu hivi ni vigumu kuviona? Jibu liko kwenye neno la biashara ambalo kila mfanyabiashara wa Mtaa wa Biashara analijua: mali kauli. Mwandishi huja dukani na nakala kumi kwenye mfuko, akaziacha kwa kauli. Zikiuzwa, mwenye duka hulipa. Zisipouzwa, mwandishi huja kuzichukua. Mwenye duka hana pesa yake iliyolala pale, kwa hiyo hana haraka wala sababu ya kuziweka dirishani. Dirishani kuna kamusi, misahafu na vitabu vya marudio ya mtihani. Na nakala kumi zikiisha, hakuna wa kuagiza nyingine mpaka mwandishi mwenyewe apite tena, pengine baada ya miezi, pengine asipite kabisa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kitabu kinauzwa shilingi 700. Duka likikata 30 kwa mia, linabaki na 210, mwandishi anapata 490. Ikiwa matbaa ilimtoza 300 kwa nakala, zimembakia 190, na hapo hajamtoa mhariri wala nauli ya boda. Angekuwa kwa mchapishaji wa kawaida, kwa mrabaha (fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa) wa 10 kwa mia angepata 70, lakini bila kutoa hata senti mfukoni. Ukiielewa hesabu hii utaelewa kwa nini waandishi wengi huiruka kazi ya mhariri: ndiyo gharama pekee ambayo mnunuzi haioni akikishika kitabu. Huiona baadaye, ukurasa wa ishirini, mhusika aliyeitwa Mwanaisha anapogeuka kuwa Mwanamisi bila maelezo.

Kuna ukurasa mmoja ambao wasomaji wengi huupita, nao ndio unaosema zaidi: ule wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Angalia aliyeandikwa kuwa mchapishaji. Likiwa jina la mwandishi, au jina la kampuni usiyowahi kuisikia lenye anwani moja na ya mwandishi, umeshajua. Kisha tazama ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tangu 2007 ina tarakimu 13. Za kwanza tatu kwa kawaida ni 978, kisha hufuata za nchi: 9966 au 9914 kwa Kenya, 9976 au 9987 kwa Tanzania. Baada ya hizo zinabaki sita. Ya mwisho ni ya kuhakiki tu kwamba namba haikukosewa, na zile tano za kati zimegawanywa baina ya mchapishaji na kitabu. Utamu uko hapo. Mchapishaji mkubwa hupewa namba fupi, tuseme ya tarakimu mbili, ili abakiwe na tatu za kuhesabia vitabu hata elfu moja. Mdogo hupewa ndefu, tarakimu nne, akabakiwa na moja: vitabu kumi basi. Vistari vikiwa vimewekwa sawasawa, ukiona kundi refu na kisha tarakimu moja pweke, hapo umeshika kazi ya mchapishaji mdogo. Na kisipokuwa na ISBN kabisa, usikitupe. Namba hizo nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, lakini wapo wanaochapa nakala mia za historia ya ukoo wao kwa ajili ya harusi na matanga, wasijisumbue na namba yoyote.

Hivyo vya historia ya ukoo na mtaa ndivyo nivipendavyo mimi kuliko riwaya, niseme kweli. Vitabu visivyo vya kubuni ambavyo watu wa pwani wamejichapishia vina mambo ambayo hakuna mchapishaji wa Nairobi angeyagusa: majina ya mitaa midogo ya Mji wa Kale, misimu ya majahazi, nani alimuoa nani Kibokoni, mapishi yenye vipimo vya "kibaba" na "kiasi cha mkono". Vina ubaya wao pia. Ukisoma viwili vya koo mbili tofauti utakuta kila ukoo ndio uliofika kwanza. Ninachokitafuta ni kama mwandishi anasema habari kaipata kwa nani: bibi gani, hati gani, kaburi lipi lenye maandishi. Akisema "inajulikana kwamba" mara tatu katika ukurasa mmoja, nakirudisha rafuni.

Kwa riwaya dawa ni nyingine. Usianze ukurasa wa kwanza, kwa sababu huo kila mwandishi ameusugua mpaka ukang'aa. Fungua katikati, penye mazungumzo. Mama mkwe, askari na mtoto wa miaka saba wakizungumza kwa sauti moja, basi unamsikia mwandishi peke yake.

Nje ya duka, watu wana njia zao za kuvifikisha vitabu hivi. Wengine hutoa riwaya sehemu kwa sehemu kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo ni za wote, zilizobaki hulipiwa kwa M-Pesa. Hii ni ndugu ya zile riwaya pendwa zilizokuwa zikikatizwa magazetini penye utamu. Kwa miswada iliyochujwa tayari, fuatilia tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell: hupokea hata kazi ambazo hazijachapishwa, na baadhi ya zilizoshinda zimetolewa na Mkuki na Nyota, mchapishaji huru wa Dar es Salaam aliyeanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991. Ukitaka vya Afrika kwa jumla, wachapishaji wa bara hili waliunda African Books Collective mwaka 1985, yenye makao Oxford, wakaanza kuuza mwaka 1990. Siku hizi nakala huweza kuchapwa moja moja, kwa oda.

Juzi nimenunua kimoja katika duka lisilo mbali na Markiti, tawasifu ya fundi mmoja wa majahazi. Mzee wa duka alikipangusa vumbi kwa kiganja, akachukua pesa, kisha akatoa daftari la shule kutoka chini ya kaunta. Akatafuta jina la mwandishi kwa kidole, akachora kistari kimoja kando yake. Kilikuwa cha tatu.

"Akija nitamwambia," akasema. "Atafurahi sana."