Kabla ya dripu ya kwanza: mbegu za uzazi za kijana mwenye saratani

Kijana wa miaka 15 akitoka Lamu au Malindi, akafika Mombasa na kuambiwa ana saratani, jamaa hushughulikia kwanza nauli, damu na kitanda. Ni haki yao. Lakini lipo swali lisilongoja, liulizwe kabla ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani: "Daktari, dawa hizi zitamharibia mbegu za uzazi?" Zikishaingia mwilini, mbegu zitakazotoka huenda vinasaba vyake vimeharibika, na hizo hatupendi kuzihifadhi.

Jibu hutegemea dawa na kipimo. Siklofosfamidi, ifosfamidi na prokabazini ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa siklofosfamidi, hatari hupanda jumla ya dozi zote ikipita gramu 4 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mionzi kwenye korodani na dawa za kutayarisha upandikizaji wa uboho ni hatari zaidi. Wazazi wengi huogopa kijana atakuwa hanithi. Hilo ni jambo jingine kabisa: seli za homoni ya kiume hustahimili dawa kuliko seli za kutengeneza mbegu, hivyo anaweza kubaki na nguvu zake zote na manii yakawa matupu, hayana mbegu.

Ameshabaleghe? Ikiwa ameanza kuota na kuoga janaba, huenda anaweza kutoa manii ya kuhifadhi. Kwa mtoto aliye mdogo zaidi, kugandisha kipande cha korodani bado ni utafiti.

Kijana azungumziwe faragha. Mbele ya mama, dada na ami watatu ataitikia kila kitu, kisha chumbani ashindwe. Muuguzi wa kiume au mjomba aliyemzoea amweleze waziwazi kitakachofanyika na kwa nini, naye apewe nafasi ya kukataa. Mzazi atatia saini kwa kuwa hajafika miaka 18, lakini mwili ni wake.

Manii hutolewa kwa mkono, ndani ya kikopo kisafi cha maabara, bila mate, sabuni wala mafuta, kwani hivyo huua mbegu. Kondomu ya kawaida pia haifai. Ni bora awe amekaa siku mbili au tatu bila kutoa. Muda ukiwa mfupi, atoe leo na kesho tena. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Wapo wanaokiweka kwenye barafu kama samaki, na mbegu hufa. Kwa hiyo msifikirie kukivusha kutoka Lamu hadi Mokowe na kukipandisha basi: anayesafiri ni kijana. Kabla ya kugandisha atapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Manii huchanganywa na kiowevu cha kuzikinga mbegu na barafu, hugawanywa katika mirija kadhaa na kuwekwa ndani ya naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu nyingi hazitaamka zikiyeyushwa baadaye. Hata chache zinafaa, kwani tangu 1992 mbegu moja huweza kudungwa ndani ya yai moja.

Kuhusu dini: mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, likikutana Amman, liliruhusu kutungisha nje ya mwili ikiwa mbegu ni za mume na yai ni la mkewe, ndani ya ndoa yao. Kuhusu namna ya kutoa, mpigieni sheikh wenu siku hiyohiyo na mumweleze kuwa ni kwa ajili ya tiba.

Kuna ugonjwa usioruhusu safari ya kwenda kuhifadhi mbegu. Limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi inayopatikana sana pwani yetu ya malaria, uvimbe wake huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Hapo tiba ianze, na mtu asimlaumu mzazi.

Mkihifadhi, andikeni mapema mbegu zifanywe nini kijana akifariki, na nani atalipa ada ya kila mwaka. Acheni namba mbili za simu: laini ikibadilishwa, kituo hakiwapati na ada hukatika. Tiba ikiisha, manii yapimwe tena baada ya mwaka mmoja hivi. Wengine mbegu zao hurudi baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kijana asidhani hawezi kumpa mtu mimba.