Sabuni ya dada, sabuni ya kaka: dhana potofu kwenye lebo

Ukipita kwenye vibanda vya vipodozi vya Mbuyuni, Moshi, au Kilombero, Arusha, jinsia unaitambua kabla hujasoma jina. Pinki yenye maua na mwandiko wa kujipinda ni ya dada, nyeusi yenye radi ni ya kaka. Mjasiriamali wa sabuni za kuogea naye huiga, na hasara huanzia hapo.

Dhana: Pinki ni ya wanawake tangu zama.
Si kweli. Mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani, Earnshaw's Infants' Department, lilishauri pinki wavae wavulana na bluu wasichana, eti pinki ndiyo yenye nguvu. Na hapa Arusha, morani huvaa shuka jekundu au la zambarau na shanga shingoni, na hakuna anayemwuliza kavaa nguo za nani.

Dhana: Sabuni ya kiume na ya kike ni vitu viwili.
Kwenye ndoo ya mtengenezaji mdogo ni mafuta yaleyale ya mawese na nazi, na kostiki soda ileile. Kinachobadilika ni rangi na manukato, kwa kawaida gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya mafuta.

Balaa liko kwenye hayo manukato. Sabuni "ya kike" hutiwa vanila na rangi ya pinki. Manukato mengi ya vanila yana vanilini, kemikali inayoyapa harufu hiyo, na vanilini huigeuza sabuni kuwa kahawia. Mara nyingi haionekani yote siku ya kukata. Hufanya taratibu, wakati vipande viko kwenye rafu vikikauka kwa wiki nne hadi sita. Ulikata pinki, unafunga rangi ya chai ya maziwa, na stika ulizokwisha kulipia zina picha ya waridi. Mteja anadhani imeharibika. Ukiipenda vanila, panga tangu mwanzo kuuza sabuni ya kahawia.

Dhana: Lebo ikiwa pinki, kila kitu kiwe pinki.
Bakodi, ile mistari ya kusomwa na mashine dukani, usiiguse. Mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari ya pinki, nyekundu au ya chungwa huurudisha mwanga huo sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo mashine haioni kitu. Mistari iwe nyeusi. Kinachoweza kuwa pinki ni karatasi iliyo nyuma ya mistari. Kwa bakodi ya tarakimu 13 yenye ukubwa wa kawaida, acha wazi milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia. Karatasi ya dhahabu inayong'aa nayo huisumbua mashine.

Dhana: "Ya kike" ina bei kwa sababu ya gharama.
Mwaka 2015 idara ya jiji la New York inayolinda wateja ililinganisha bei za karibu bidhaa 800. Za wanawake zilikuwa ghali kuliko za wanaume kwa wastani wa asilimia 7, na za kujitunza mwili asilimia 13. Kwetu mchezo hupitia uzito. Tuseme kipande "cha kaka" ni gramu 100 kwa shilingi 2,500, na "cha dada" ni gramu 80 kwa 2,400. Cha dada kinaonekana nafuu, kumbe kila gramu ni shilingi 30 badala ya 25.

Dhana: Lebo mbili, wateja mara mbili.
Nyumba nyingi zina bafu moja na sabuni moja. Stika 1,000 ukizigawa 500 kwa 500, kila stika hupanda bei kwa kuwa mchapaji huandaa kazi mara mbili, na harufu mbili zinadai bakodi mbili. Andika kazi ya sabuni: "kwa ngozi kavu", "huondoa grisi mikononi", "haina manukato". Fundi wa gereji wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, atajijua, na mkewe pia.

Kama bado una shaka, chapa stika 20 za kila muundo kwenye karatasi ya A4. Weka sabuni kwenye maduka mawili kwa wiki nne, na kila wiki ubadilishane nafasi zake, maana rafu iliyo usawa wa macho inaweza kuuza kuliko rangi yoyote. Hesabu vipande vilivyotoka. Maoni ya jamaa kwenye WhatsApp usiyahesabu.