Simu kupata moto ikichaji: yanayosemwa mitaani na ukweli wake

Simu ikipata moto kwenye chaji, Nairobi haikosi washauri. Mmoja atasema betri imekufa, mwingine chaja ni kubwa mno, wa tatu atakutuma kwenye friji. Kabla ya kumsikiliza yeyote, gusa uone moto uko wapi. Kichwa cha chaja kikiwa cha moto ni shida moja, tundu la kuchomekea waya likiwa la moto ni nyingine, na mgongo wa simu ukipata moto katikati ni nyingine kabisa. Dhana nyingi potofu zimetokana na kuchanganya sehemu hizo tatu.

"Ikipata moto, basi imeharibika"

Joto la kiasi ni jambo la kawaida. Simu nyingi za sasa zina betri ya mAh (miliampea-saa) 5000, yaani takriban wati-saa 19 za nishati. Huwezi kuisukuma nishati hiyo ndani kwa saa moja au moja na nusu bila joto kutoka, kwa sababu umeme hukutana na ukinzani njia nzima: kwenye kichwa, waya, saketi ya kuchajia na ndani ya betri yenyewe. Betri ikisoma nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi wakati wa kuchaji kwa kasi, hakuna cha kuogopa.

Kikomo cha kuchaji betri nyingi za lithiamu ni nyuzi 45. Simu isiyo na hitilafu haingoji kufika hapo. Hupunguza umeme inaopokea, na joto likizidi husimamisha chaji mpaka ipoe. Watu wengi wakiona asilimia imekwama kwenye 80 mchana wa Februari hukimbilia kununua chaja mpya, kumbe simu inajilinda tu. Kwenye Android, programu kama AccuBattery huonyesha joto la betri kwa namba. Iamini namba hiyo kuliko kiganja, maana chuma na kioo huonekana vya moto kuliko plastiki hata joto likiwa lile lile.

Cha kukutia wasiwasi ni hiki: simu inayopata moto ikiwa imelala tu na kioo kimezimwa, moto ulioganda mahali padogo pamoja, joto lisiloisha nusu saa baada ya kuchomoa, au harufu tamu kama ya kiyeyusha rangi. Ukiinusa harufu hiyo, chomoa mara moja na usiichaji tena.

"Chaja ya wati nyingi huchoma simu ndogo"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi bila sababu. Chaja haisukumi wati zake zote kwa nguvu. Simu ndiyo huomba. Kichwa cha USB-C huanza na volti 5. Kisha simu na chaja huzungumza, kwa mfano kwa utaratibu wa Power Delivery, na chaja hupandisha volti mpaka pale simu inapokubali, si zaidi. Simu inayopokea wati 18 ikichomekwa kwenye chaja ya laptopu ya wati 65 itachukua wati zake 18. Nazo zile Tecno, Infinix na Redmi zenye mfumo wao wa kuchaji kwa kasi, zikipata kichwa kisichojua lugha yao, mara nyingi hurudi kwenye chaji ya polepole. Ni usumbufu, lakini hakuna kinachoungua.

Hatari halisi ni kichwa bandia. Ndani yake, upande wa volti 240 na upande wa volti 5 huwekwa karibu mno, na vipuri vya kusawazisha umeme huachwa ili bei ishuke. Kikiwa chepesi mno, maandishi yamepigwa chapa ovyo, na meno yake yanacheza kwenye soketi, kirudishe. Kipimo chepesi cha nyumbani: baada ya dakika 15 za kuchaji, kishike. Ukishindwa kukishika kwa sekunde tano, kiache. Angalia na soketi yenyewe pia. Kwenye bedsitta yenye soketi moja, ekstensheni hubebeshwa kettle, pasi na chaja tatu, na plastiki ikishaanza kugeuka kahawia karibu na matundu, joto linatoka pale, wala simu haina kosa.

Moto ukiwa kwenye tundu la simu, lawama nyingi ni za uchafu na waya uliolegea. Mguso mchafu wenye ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitisha ampea 3, hutoa joto la wati 0.9. Ni kidogo kwa kusikia, ila limerundikana kwenye vipande vya chuma vidogo kuliko punje ya mchele, na plastiki huanza kulainika. Zima simu, mulika tundu kwa tochi, na uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Utashangaa pamba inayotoka, hasa kwa simu inayokaa mfuko wa jinzi. Usitumie pini wala sindano, maana ukigusanisha miguso miwili umeiua. Waya mzuri huingia mpaka mwisho na kushika. Ukiona mguso mmoja wa kebo umekuwa mweusi, kebo hiyo itupe hata kama bado inachaji, kwa sababu mguso ulioungua huharibu tundu la kila simu utakayoichomeka.

"Chaja isiyo na waya ina mionzi inayopika betri"

Hakuna mionzi ya kupika chochote. Ndani ya pedi unayolazia simu kuna koili ya waya wa shaba inayotoa uga wa sumaku unaobadilika kati ya mara 100,000 na 205,000 kwa sekunde kwenye pedi za kawaida za Qi, kiwango cha kimataifa cha kuchaji bila waya. Koili ya pili mgongoni mwa simu huugeuza uga huo kuwa umeme. Joto linatokana na hasara ya njiani, na hapo ndipo kuna mengi ya kurekebisha.

Tuseme simu inahitaji wati 10. Kwa waya, sehemu kubwa ya hasara hubaki ukutani, kwenye kichwa cha chaja. Bila waya, takriban robo ya nishati inayoingia kwenye pedi hupotea, hivyo pedi hula kama wati 13, na zile 3 za ziada huwa joto papo hapo kati ya pedi na mgongo wa simu, upande ule ule ilipo betri. Hesabu hiyo ni ya simu iliyolala sawasawa. Koili zikipishana kwa sentimita moja tu, pedi huongeza nguvu kufidia, na joto hupanda huku chaji ikienda polepole. Ndiyo sababu iPhone nyingi kuanzia 12, na kiwango cha Qi2 kilichotangazwa mwaka 2023, vina sumaku za kuzipanga koili. Simu isiyo na sumaku inaweza kuhama yenyewe: kila ujumbe wa M-Pesa unapoingia usiku simu hutetemeka, husogea milimita moja au mbili juu ya pedi laini, na asubuhi unaikuta imo nje ya katikati, ina moto na asilimia 60. Zima mtetemo kabla ya kulala, au nunua pedi yenye mpira juu.

Halafu kuna kibati. Madereva wengi wa teksi za programu hubandika kibati cha chuma nyuma ya simu au ndani ya kava ili ishike kwenye sumaku ya gari. Ukiilaza simu hiyo kwenye pedi, uga wa sumaku huzungusha umeme ndani ya kibati chenyewe na kukifanya jiko. Pedi zilizothibitishwa za Qi hulinganisha nishati zinayotoa na ile simu inayosema imepokea, na pengo likizidi husimama na taa humeta. Pedi za bei ya chini zisizo na uthibitisho zinaweza kuendelea tu. Toa kibati, toa pete ya chuma ya kushikia kwa kidole, toa na kadi ya benki iliyofichwa kwenye kava. Kava yenyewe ya plastiki au silikoni haina neno ikiwa haizidi milimita 3, ingawa ya ngozi nene hufungia joto.

Jambo moja halitajwi kabisa: kioo cha nyuma kilichobadilishwa. Chini ya kioo kuna koili, na nyuma ya koili kuna karatasi nyembamba ya feraiti inayozuia uga wa sumaku usifike kwenye chuma cha betri. Mara nyingi pia huwa na karatasi ya grafaiti ya kusambaza joto. Kioo kikibanduliwa kwa haraka, feraiti hupasuka au grafaiti hutupwa pamoja na gundi kuukuu. Simu ikianza kupata moto kwenye pedi baada ya matengenezo, rudi kwa fundi umwambie aangalie karatasi hizo mbili kabla hajakuuzia betri.

Kujua kama kosa ni la pedi au la simu, fanya hivi. Anza na chaji ya asilimia 40, bila kava, kioo kimezimwa. Ilaze katikati ya pedi dakika 15, kisha soma joto la betri. Siku nyingine, ikiwa tena kwenye asilimia 40, rudia kwa waya mahali pale pale. Kuanza na asilimia ileile ni muhimu, maana betri iliyo karibu kujaa hupokea umeme mdogo na itakudanganya. Ikiwa waya unasoma 33 na pedi 42, shughulika na pedi na mgongo wa simu. Zote zikiwa juu ya 42, tatizo liko kwenye betri au saketi ya simu.

"Iweke kwa friji ipoe"

Usifanye hivyo. Ukiitoa, hewa ya nyumba hugeuka umande kwenye saketi ambazo huwezi kuzipangusa. Friza ni mbaya zaidi, kwani kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi 0 hufanya lithiamu ijipake kama chuma ndani ya betri, na uharibifu huo haurudi nyuma. Chomoa chaja, vua kava, zima hotspoti, ilaze juu ya vigae sakafuni kwa dakika 10 au 15. Inatosha.

"Kuchaji usiku kucha huilipua"

Simu ikifika 100 huacha kupokea. Kinachoizeesha betri ni kukaa imejaa huku ina joto, na joto hilo ni wewe unayeliweka: chini ya mto, ndani ya blanketi, juu ya godoro. Meza tupu inaondoa nusu ya shida. Simu nyingi za Samsung na iPhone kuanzia 15 zinakuruhusu kuweka kikomo cha asilimia 80, na Samsung ina swichi ya kuzima kuchaji kwa kasi, ya waya na isiyo ya waya. Izime usiku, huna haraka. Ile desturi ya kuimaliza mpaka 0 kwanza ni ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu haiihitaji.

"Ukiiweka kwenye AC ya gari, umemaliza"

Kwenye foleni ya Mombasa Road saa nane mchana, simu iliyo kwenye kioo cha mbele ina vyanzo vinne vya joto kwa pamoja: jua, kioo chake kilichowashwa mpaka mwisho, ramani na data, na chaja. Kuishusha kwenye matundu ya hewa kunasaidia sana, mradi hewa ni baridi. Julai dereva hufungua hewa ya moto kuondoa ukungu kwenye kioo, na matundu yale yale humwagia simu moto. Siku hizo ihamishe. Kwa wa bodaboda, kesi ni mfuko wa plastiki usioingiza maji. Hauingizi hata upepo, na simu inachemka mle huku pikipiki inakimbia. Siku ya jua fungua mfuko, chaji kwa vipindi vifupi ukiwa stejini kivulini, na upunguze mwangaza wa kioo.

"Betri imevimba, itobolewe upepo utoke"

Hapa tunaomba kwa dhati: usiitoboe, usiibonyeze, usiirudishe ndani kwa kava ngumu. Kilicho ndani ni gesi ya kemikali zilizooza, na karibu nayo kuna tabaka mbili ambazo zikigusana zinaweza kushika moto papo hapo. Mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni Galaxy Note 7 zilizokuwa zikishika moto, na uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulikuta kasoro ndani ya betri zenyewe.

Dalili ni kioo kinachonyanyuka upande mmoja, au simu inayozunguka kama pia ikilazwa mezani. Zima, usichaji, iweke juu ya simiti mbali na pazia na godoro, na uipeleke kwa fundi kungali mchana. Ikishika moto, kata stima kwenye swichi ya ukutani kwanza, kisha mwagia maji mengi, kwa sababu betri inahitaji kupozwa, na usivute moshi wake. Betri iliyotolewa isiingie kwenye taka za nyumbani, maana lori huibana na ikibanwa inaweza kuwaka. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za kielektroniki. Kabla ya kuipeleka, funika miguso yake kwa selotepu isije ikagusana na chuma njiani.