Programu Yako Haikumbuki Ilikozaliwa

Juzi, saa tatu ya usiku, kijana mmoja niliyemsomesha kanipigia simu kutoka Wete. "Mwalimu, faili lipo! Lipo ubavuni mwa programu, nalitazama kwa macho yangu!" Programu ni ya C: inasoma uzito wa karafuu mzanini, kisha inaita skripti ya kuchapa risiti. Akiiwasha kwa mkono inakwenda, ikiwashwa na kron (mwashaji wa programu kwa saa ulizopanga), faili hailioni, kimya. Mwaka huu huyu ni wa tatu kunililia kilio hiki, basi nakiandika nipumzike.

Faili kuwa ubavuni mwa programu hakukusaidii kitu. `fopen("bei.txt", "r")` inalitafuta kwenye folda ambamo mchakato (programu ikiwa inakwenda) umesimama saa hiyo, hata kama programu yenyewe imewekwa kwengine. Ukiambiwa Mji Mkongwe "shika kushoto, kichochoro cha pili", utakapotokea ukiwa Darajani siko utakapotokea ukiwa Forodhani, na hakuna anayejali kama umezaliwa Mkoani. Terminali ndiyo iliyokudekeza: kila siku unapiga `cd` kwanza, ndiyo unaandika `./mzani`. Kron haikufanyii hayo. Inaanzia nyumbani kwa mtumiaji, na PATH yake (orodha ya folda za kutafutia amri) kwa kawaida ni `/usr/bin:/bin`, basi. Chapa jibu la `getcwd()`, inayotaja folda uliyosimama, kwenye logi mwanzoni mwa `main`, ujionee.

Skripti nayo ni yale yale. `system("./chapa.sh")` inaikabidhi kazi sheli, msomaji wa amri (si ile ya mafuta), na sheli inasimama pale pale uliposimama wewe. Kijana alirudishiwa 32512 akadhani memori imeharibika. Gawa kwa 256, unapata 127: sheli haikuiona amri. `WEXITSTATUS` ipo kwa kazi hiyo. Na tafadhalini, `system("cd /opt/mzani")` peke yake haikuhamishi. Anahama mtoto, yaani ile sheli uliyoizaa, mtoto anakufa, wewe upo ulipokuwa. Anayekuhamisha ni `chdir()`.

Hapo ndipo wanapokimbilia `argv[0]` kutafuta folda ya programu yenyewe, wakaniudhi zaidi. `argv[0]` ni maneno ya aliyekuita, na anaweza kukuita jina lolote. Ukipatikana kupitia PATH, mara nyingi unaambulia jina tupu lisilo na folda. Kwenye Linux mimi nasoma `/proc/self/exe`, kiungo kinachoelekeza kwenye faili la programu, kwa `readlink()`, ambayo haiweki `'\0'` (alama ya kumaliza maneno) mwishoni, uweke mwenyewe. Imeshanitia aibu mbele ya mteja, jina likafuatiwa na takataka. Na hata nikishaiweka, siridhiki. Faili la programu likifutwa ukaweka jipya huku la zamani bado linakwenda, jina linarudi na `(deleted)` mkiani. Nikipiga `chdir()` mwanzoni nimalize ubishi, mtumiaji aliyenipa `ripoti/leo.txt` kwenye mstari wa amri naye anapotea. Kiwango cha C chenyewe hakijui hata folda ni mdudu gani. Siku hizi naandika njia kamili kwenye faili la mipangilio ndani ya `/etc`, na bado najiona kama nimekimbia swali.

Kijana aliandika `/opt/mzani/chapa.sh`, kron ikaita, risiti ikatoka. Uzito sawa, bei sawa, kichwa cha risiti hakuna. Nikamwambia aifungue skripti anisomee mstari wa tatu.

"`cat ./kichwa.txt`," akasoma. Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, lakini hili nalo lipo ubavuni…"