Mhojiwa wako hajasema anapenda udikteta

Imetoka tena. Mtu amechukua jedwali moja la utafiti wa maoni, akakuta wahojiwa wengi wamekubaliana na sentensi "nchi yetu inahitaji kiongozi mkali", basi kalamu ikateleza: eti Mtanzania asiye na chama, yule anayehama uchaguzi hadi uchaguzi, moyoni mwake anaupenda udikteta. Nimechoka kulijibu hili kwa mafungu. Leo nalimwaga lote.

Tuanze na neno "mkali", maana nusu ya balaa imelala hapo. Mwalimu mkali, mchezaji mkali, dawa kali, msanii mkali. Katika Kiswahili cha mtaani ukali ni sifa, na mara nyingi ni pongezi. Mhojiwa wa Kongwa, hapa Dodoma, akisikia "kiongozi mkali" anamwona mtendaji anayewahi ofisini na mganga wa zahanati asiyemwambia dawa zimeisha huku zinauzwa duka la pili. Hapo hakuna Bunge lililovunjwa wala gazeti lililofungiwa. Amekujibu kuhusu uwajibikaji, wewe umemwandikia udikteta.

Wengine hukimbilia "imara". Afadhali wangebaki na "mkali". Lipo swali linalotumika duniani kote: je, ni vizuri kuwa na kiongozi imara asiyelazimika kuhangaika na bunge wala uchaguzi? Ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Mtu aliyechoka kusimama juani anaokota nusu ya kwanza, "imara", anasema vizuri sana, mdadisi anabonyeza kishikwambi, wanahamia swali linalofuata. Hii nusu ya pili, yenye sumu yote, haikusikika. Na ukivuka Bahi kwenda vijijini ambako wazee wanajibu kwa Kigogo, mdadisi anatafsiri papo hapo. Akiweka "mtemi" mahali pa "kiongozi", amebadilisha swali zima: mtemi hakupigiwa kura, na cheo chenyewe serikali ilikifuta mwaka 1963. Tafsiri ya Kigogo iandikwe kabla, irudishwe Kiswahili na mtu mwingine, ndipo utajua ulichouliza.

Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, wana namna iliyo bora: uchaguzi na Bunge vinafutwa ili rais aamue kila kitu, unakubali au unakataa? Hapo bei iko mezani. Kasoro yake ni kwamba siku hizi mtawala mwenye akili hafuti Bunge. Analiacha likae, likohoe, lipitishe bajeti. Kwa hiyo mtu anaweza kuukataa udikteta wa kwenye dodoso asubuhi na jioni akaukubali ule wa rejareja, unaokuja kidogo kidogo, bila kujipinga.

Neno "dikteta" lenyewe liacheni nje ya dodoso. Mwaka 2016 maneno "dikteta uchwara" yalimfikisha mbunge Tundu Lissu mahakamani. Ukimtajia mhojiwa neno hilo unapima ujasiri wake.

Vunja udikteta vipande. Uliza vitendo ambavyo watu wameviona. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023: ulikubaliana na zuio? Matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kuondolewa TBC mwaka 2016? Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi? Hili la mwisho ni mtego mzuri, maana wengi hawalioni kama tatizo kwa kuwa limo ndani ya Katiba. Huyo hapendi udikteta, wala hauvumilii huku akijua ni mbaya. Hajaona kosa. Ni kundi la tatu, na majedwali yenu hayana safu yake.

Sasa kiini. Kupenda na kuvumilia havitofautishwi kwa kumuuliza mtu "unapenda au unavumilia?" Vinatofautishwa kwa kuangalia kura inaelekea wapi kitendo kikiongezwa. Tunga wagombea wawili wa kubuni, uwape sifa nne au tano: chama, ahadi ya maji, mbolea ya ruzuku, elimu, na sifa moja ya utawala, kwa mfano "atayafungia magazeti yanayomkosoa" au "ataheshimu uamuzi wa mahakama". Kishikwambi kichanganye sifa kwa bahati nasibu, kila mhojiwa aamue jozi tano; zaidi ya sita wanaanza kujibu ili uondoke. Kisha linganisha. Mgombea akipata kura zaidi kwa sababu atafungia magazeti, umempata anayependa. Akipoteza kura lakini ahadi ya kisima ikazirudisha, huyo anavumilia. Kura zisipotikisika, hajali au hajaona kosa, na hapo rudi kwenye vile vitendo. Basi, si uchawi.

Watafiti wa siasa Graham na Svolik walifanya jaribio la aina hii Marekani, wakalichapisha mwaka 2020. Wapigakura waliokuwa tayari kumwacha mgombea wao kwa sababu amevunja kanuni za demokrasia walikuwa takribani asilimia 3.5. Watu wakaisoma namba hiyo kama ushahidi kwamba Wamarekani hawaipendi demokrasia. Hapana! Inasema kanuni ina bei, na bei hiyo hushindwa na chama na sera. Na wanaoadhibu zaidi ni walio katikati, kwa sababu mwenye chama ana mengi ya kupoteza akihama. Maana yake anayehamahama, ambaye mnamsingizia kupenda mabavu, ndiye aliyepewa nafasi rahisi zaidi ya kuyakataa. Kama kweli nafasi hiyo ipo.

Lakini hata jaribio zuri linaharibiwa na woga, na woga hauandikwi kwenye jedwali. Mdadisi haingii kijijini kama upepo. Ana barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mtendaji wa kijiji amegonga muhuri, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemwonyesha mipaka. Kijiji kizima kimeona aliyeingia naye. Ndiyo maana dodoso la Afrobarometer hufunga kwa kuuliza unadhani nani ametutuma, na jibu la "serikali" si la nadra hata kidogo. Mwenyekiti akishaonyesha mipaka, mshukuru, aende. Mhojiwa achague pa kukaa, na uandike nani alikuwa anasikia. Maswali ya mahindi ya bei nafuu na TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, usiyatangulize, maana mtu akidhani anaandikishwa msaada atakupa serikali nzuri kuliko ile anayoijua. Na msimu: kati ya Desemba na Aprili huku kwetu nguvukazi iko shambani. Ukibisha hodi saa nne asubuhi unawakuta wazee na wagonjwa. Rudi jioni, rudi tena kesho, ndipo ubadilishe kaya.

Dawa ya woga inayopendwa na waliosoma ni jaribio la orodha. Nusu ya wahojiwa wanapewa sentensi tatu zisizo na madhara, nusu nyingine zile tatu pamoja na moja nyeti. Mtu anataja idadi tu ya anazokubali, hasemi zipi. Tofauti ya wastani ndiyo asilimia ya walioikubali ile nyeti. Inavutia mpaka upige hesabu. Chukua wahojiwa 1,200, 600 kila upande, na mtawanyiko wa kawaida wa takribani 0.9 (yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyopishana): ukingo wa makosa unafika karibu pointi 10 kila upande. Sasa chambua wasio na chama peke yao, tuseme ni mmoja kati ya watano. Umebaki na 120 kila upande, na ukingo umepaa hadi pointi 23. Ukipata asilimia 30 wanaopenda utawala wa mabavu, jibu la kweli linaweza kuwa 7 au 53. Bora ungerusha shilingi. Na sentensi tatu za kawaida zikiwa ambazo kila mtu anazikubali, mwenye kukubali na ile ya nne atalazimika kusema "nne", siri imefichuka, ataishusha iwe tatu.

Halafu ni nani hao wasio na chama? Tunauliza: unajisikia kuwa karibu na chama chochote? Akisema hapana, tunamweka katikati. Lakini "hapana" ya Mtanzania inabeba mizigo mitatu: sina chama kweli, ninacho ila kura ni siri, na ninacho ila si cha aliyekuleta. Njia ninayoiamini kidogo zaidi ni kuuliza alimpigia nani urais na nani ubunge, chaguzi mbili mfululizo, na kuangalia kama vyama vinatofautiana. Nayo ina ugonjwa wake: baada ya matokeo, kila mtu anakumbuka alimchagua mshindi.

Kwa wanaodai kimya ni ridhaa, Tume ya Nyalali ya 1991, iliyowauliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, ipo kwenye kumbukumbu. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume haikuishia kwenye namba. Wengi wa hao hao walikuwa wakitaka marekebisho, na ikapendekeza vyama vingi, vikaja 1992. Na kwa wanaodai kiboko ndicho kilichopendwa: katika tafiti za simu za shirika la Twaweza, waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017 na 55 mwaka 2018. Kiboko hakikuwa kimewekwa chini mwaka 2018. Kilichoshuka ni kitu kingine, na mimi naelekea kwenye mfuko wa mtu, ingawa siwezi kuapa: kwenye simu, mhojiwa anayezoea kupigiwa huenda naye alikuwa anajifunza kusema kweli.

Kuna shaka moja ambayo mbinu zote hizi hazinitolei. Kuvumilia kunahitaji mahali pa kwenda. Jaribio la wagombea wa kubuni linampa mhojiwa mgombea wa pili mwenye sifa timilifu na jina kwenye karatasi. Kituoni mgombea huyo anaweza asiwepo, au awepo bila wakala. Mtu aliyemwadhibu mvunja kanuni kwenye kishikwambi anafika pale anapiga kura ile ile ya siku zote, au anabaki nyumbani: mwaka 2020 waliojitokeza walikuwa kama nusu ya walioandikishwa. Hao waliobaki nyumbani niwaweke safu ipi? Kwenye dodoso langu bado wanaingia "hakupiga kura", na sijapata sanduku lililo bora zaidi.